Mishipa Kumi na Miwili ya Mzee Mrisho

Mzee Mrisho Hamis alianza kumchukia Elisaria siku ya Jumatatu, saa moja na dakika chache asubuhi, na chuki hiyo ilikamilika kabla supu haijachemka mara ya pili.

Kisa chenyewe kilikuwa kichwa cha mbuzi. Kwa miaka ishirini na mitano Mzee Mrisho alikuwa akiuza supu ya vichwa nyuma ya soko la Kariakoo, katika banda la mabati lenye benchi mbili, sufuria moja kubwa kama pipa, na gogo la mninga. Juu ya gogo hilo alipasua vichwa kwa shoka, pigo moja tu kwa kila kichwa, kati kwa kati, na watu waliotoka Magomeni na Ilala kuja kununua mahitaji yao walisimama kumtazama kama wanavyosimama kutazama gwaride. Mwenyewe alisema hafanyi hivyo ili atazamwe. Lakini hajapata kuinua shoka kabla watazamaji hawajafika watano.

Elisaria alikuwa kijana wa Kichaga, miaka kumi na tisa, aliyemaliza shule ya bweni huko bara na sasa anasomea udaktari msaidizi hospitalini. Kaptula yake nyeupe ilikuwa imepigwa pasi mpaka ikawa na makali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba kichwa kimoja ambacho hakijapasuliwa. Nataka kuutazama ubongo ukiwa mzima, na mishipa yake. Ukitumia shoka mishipa yote inakatika. Unaharibu, mzee."

Benchi zote mbili ziligeuka kumtazama. Mzee Mrisho aliwahi kuambiwa kwamba ana roho mbaya, kwamba ni bahili, na kwamba sauti yake inaharibu maziwa. Kwamba anaharibu kichwa, hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote.

"Naharibu?"

"Kitaalamu, ndiyo."

Neno hilo ndilo lililommaliza. Alichukua kichwa kilichobaki, akakiweka juu ya gogo, akamkazia Elisaria macho, na bila hata kuinama akakipasua. Kisha akafanya jambo ambalo hajapata kulifanya: akavipasua vile vipande viwili vikawa vinne, na vinne vikawa nane, mpaka kikawa kitu cha kuwafaa paka peke yao.

"Haya, mtaalamu. Okota mishipa yako."

Watu walicheka mpaka wakamwaga supu. Hata Bi Zamda alicheka, naye ni mwuza vitumbua wa banda la ng'ambo ya njia, aliyekuwa akigombana na Mrisho kwa miaka minane kwa sababu ya moshi, na ambaye kwa kawaida humcheka Mrisho tu, si pamoja naye.

Elisaria alijipangusa damu kwenye soksi, akaondoka. Katika shule aliyosoma, kulipiza kisasi lilikuwa somo lisiloandikwa kwenye ratiba, na yeye alilifaulu kwa alama za juu kuliko hesabu.

Jumanne alirudi. Akaketi katikati ya benchi, akaagiza ubongo, akatoa kijiti cha kiberiti mfukoni, akasimama na bakuli mkononi mfano wa padri anayetaka kubariki.

"Ndugu zangu, kabla hamjameza, ni haki yenu kujua mnachomeza. Tazameni. Hii sehemu kubwa ya mbele ndiyo inayofikiri. Hapa ndipo penye busara, mipango na adabu. Huku ubavuni ni kusikia na kukumbuka. Nyuma kabisa, hapa, ndipo tunapoonea. Jicho ni dirisha tu, mwenye kuona amekaa huku nyuma. Na hiki kibonge kidogo cha chini, chenye mikunjo kama kabichi, ndicho kinachomfanya mtu atembee bila kuyumba. Halafu hili shina. Shina hili likiguswa, pumzi imekwisha na moyo umekwisha."

Mtu mmoja aliacha kutafuna. Elisaria alimwona, akatiwa moyo.

"Sasa chini ya ubongo hutoka mishipa ya fahamu, jozi kumi na mbili. Wa kwanza ni wa kunusa. Wa pili wa kuona. Wa tatu, wa nne na wa sita huzungusha macho. Wa tano hutafuna na huhisi uso. Wa saba hukunja sura na kutabasamu. Wa nane husikia. Wa tisa humeza. Wa kumi husafiri mpaka moyoni na tumboni. Wa kumi na moja huinua mabega. Wa kumi na mbili ni wa ulimi. Huyu mbuzi, ndugu zangu, alikuwa akiona, akisikia na kukumbuka njia ya kwao. Na kumbukumbu zake zote mnazo mdomoni. Karibuni tule."

Akaketi, akangoja watu wakimbilie nje wakitapika.

Hakuna aliyekimbia. Seifu Sadalla, fundi cherehani, ambaye siku hizo mikono ya mashati yake ilikuwa haitoki sawa kwa sababu ya macho, alijikuna kidevu.

"Hiyo ya kuonea, umesema ni ipi?"

"Ya nyuma kabisa," alijibu Elisaria.

"Mzee Mrisho," alisema Seifu, "niwekee ya nyuma."

Ndivyo balaa lilivyoingia katika banda la Mzee Mrisho, bila hodi. Kufika Jumatano hakuna mtu aliyeagiza supu. Wachukuzi wa sokoni, wanaobeba magunia vichwani tangu alfajiri, walitaka kile kibonge kidogo cha kutoyumba, wote, na kila kichwa kina kimoja tu. Karani mmoja aliyekuwa akisahau majina ya mabosi wake alitaka ya ubavuni. Mwanamke mmoja alituma bakuli aletewe mshipa wa kumi na mbili kwa ajili ya mumewe asiyeongea. Mwingine akatuma kuuliza kama wapo mbuzi wasiokuwa nao kabisa, kwa ajili ya mama mkwe.

Sehemu ya mbele haikununuliwa. Mtu wa kwanza kuiagiza, mgeni kutoka Ilala, aliulizwa na benchi nzima amemkosea nani adabu, akaona afadhali achukue ulimi. Baada yake hakuna aliyethubutu. Na sehemu ya mbele ndiyo kubwa kuliko zote. Ikarundikana kwenye sinia, inzi wakaifaidi.

"Supu ni supu!" alifoka Mzee Mrisho, kijiko kirefu cha kupakulia kikiwa mkononi kama rungu. "Sina ya nyuma, sina ya mbele! Atakayetaka vipande aende kwa fundi saa!"

"Mzee, usiwe mkali," alisema mchukuzi mmoja. "Kula kidogo hiyo ya mbele."

Akaponea chupuchupu kupigwa kijiko.

Alhamisi wachukuzi wawili walipigana kwa sababu ya kibonge kimoja. Benchi ilianguka, sufuria ikayumba, na mtu ambaye hakuwa na ugomvi na yeyote akaungua mguu. Katikati ya vurugu hiyo Mzee Mrisho alisikia kicheko kutoka upande wa pili wa njia. Alikijua kicheko hicho. Elisaria alikuwa amesimama pale kwa Bi Zamda, anakula kitumbua, anatazama kazi ya mikono yake.

"Nikikushika, Mchaga wewe," Mzee Mrisho alipaza sauti, "nitakupasua kati kwa kati!"

"Kitaalamu, mzee!" alijibu Elisaria. "Kitaalamu!"

Ijumaa asubuhi Bwana Afya alifika.

Bwana Wilbert, mkaguzi wa afya wa soko, alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ngumu na penseli, na kila alichoambiwa alikiandika, hata salamu. Hakuketi. Alimwomba Mzee Mrisho leseni, akaishika kwa vidole viwili.

"Hii ni leseni ya kuuza chakula. Nimepata habari kwamba hapa panauzwa dawa. Dawa ya macho, dawa ya kusahau, dawa ya kuyumba. Kama ni kweli, karatasi hii naichana sasa hivi, na banda litavunjwa kabla ya adhuhuri."

Mzee Mrisho aliweka kijiko chini. Hakuwa na shamba wala kazi nyingine. Alikuwa na mke, Bi Sitara, na watoto, na banda hili. "Bwana Afya, mimi nauza supu. Maneno hayo yote ni ya yule Mchaga!"

Elisaria, aliyekuja kutazama tena, aligeuka aondoke. Bi Zamda alimshika kola. "Wapi? Karamu ni yako hii."

"Wewe ni mwanafunzi wa hospitali?" Bwana Wilbert aliuliza, penseli tayari. "Mkuu wako atafurahi kusikia kwamba unafungua kliniki sokoni. Nitamwandikia leo."

Kiburi chote kilimtoka Elisaria usoni.

Hapo wateja wakaamua kumwokoa Mzee Mrisho. Seifu alisimama kwanza, mkono kifuani.

"Bwana Afya, usimwonee mzee huyu! Ametuponya! Mimi nimekula ya nyuma siku tatu, na jana nimetunga uzi kwenye sindano mara ya kwanza tu!"

"Nyamaza, Seifu," alisema Mzee Mrisho.

"Sinyamazi! Haki lazima isemwe!"

"Mimi nilibeba gunia mbili," alidakia mchukuzi, "sikuyumba hata kidogo! Ni dawa kweli kweli!"

"Kuliko ya hospitali!" mwingine akamalizia.

Bwana Wilbert aliandika. Kila sifa ilikuwa msumari, na Mzee Mrisho alitazama jeneza la banda lake likifungwa na watu wanaompenda. "Nyamazeni, wapumbavu nyie! Nyamazeni!"

"Unaona upole wake?" Seifu alimwambia Bwana Afya. "Hataki hata kushukuriwa."

Bwana Wilbert alikunja daftari, akaishika leseni kwa mikono miwili. Elisaria, ambaye alikuwa anauona uso wa mkuu wake wa chuo kama vile umesimama mbele yake, aliruka.

"Bwana Afya, ngoja! Kama ni dawa, basi aliyekula kuliko wote ndiye mzima kuliko wote. Mpime yeye."

Bwana Wilbert alifikiri. Alikuwa mtu wa kupenda vipimo. "Mzee, wewe huula ubongo huu?"

"Kila siku ya Mungu. Naonja kabla sijauza."

"Sehemu zote?"

"Zote. Miaka ishirini na mitano."

"Basi kijana, mpime hiyo mishipa yako. Nikimwona ana kasoro ambayo dawa ilipaswa kuiponya, nitajua ni supu. Nikimwona kamili, nachana."

Wakamketisha Mzee Mrisho juu ya gogo lake mwenyewe. Kuguswa na mkono wa Elisaria kulimchefua kuliko inzi.

"Fumba macho, mzee. Wa kwanza, wa kunusa." Elisaria aliokota kitu kwa Bi Zamda, akamwekea puani.

"Iliki," alisema Mzee Mrisho. "Na ni ya mwaka juzi. Zamda, unawauzia watu vumbi."

"Vumbi liko kwenye sharubu zako!"

Lakini watu walipiga makofi, na Mzee Mrisho akanyoosha mgongo.

"Wa pili nitaurudia, unahitaji nafasi. Fungua macho. Fuata kiberiti." Elisaria alikipeleka kiberiti kulia, kushoto, juu, chini, karibu kabisa na pua. Macho yalikifuata. "Wa tatu, wa nne na wa sita ni wazima. Uma meno." Alimshika taya. "Wa tano ni kama jiwe. Wa saba. Mzee, tabasamu."

Watu walisogea karibu, hata wauza samaki. Hakuna mtu pale sokoni aliyewahi kuona jambo hilo. Mzee Mrisho alivuta midomo pembeni, akaonyesha meno.

"Hilo si tabasamu," alisema Bi Zamda. "Ni punda anayekohoa."

"Lakini linavutika pande zote mbili," alisema Elisaria kwa uchungu. "Mshipa ni mzima." Akamwekea saa sikioni, mzee akasikia mlio wake. Akamwambia aseme aaa, akasema mpaka kuku wakakimbia. Akamwambia ameze, akameza. Akambana mabega, mzee akayainua pamoja na Elisaria mwenyewe. "Toa ulimi."

"Ulimi huo usijisumbue," alisema Bi Zamda. "Mimi naupima mwaka wa nane huu. Hauna kasoro."

Kwa kila ushindi wateja walishangilia, na Mzee Mrisho alizidi kufura kama andazi kwenye mafuta. Hapo Bi Zamda alijifanya anaokota ufagio, akamnong'oneza kwa hasira:

"Mjinga mkubwa wewe! Kadiri unavyofaulu ndivyo banda linavyobomoka!"

Mzee Mrisho alikuwa amesahau kabisa. Aligeuza uso upande wa Bwana Afya, akasikia penseli ikikwaruza karatasi.

"Umebaki wa pili," alisema Elisaria, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. Aliinama akamtazama mzee machoni, kwa karibu, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akarudi nyuma hatua kumi, watu wakampisha, akainua mkono. "Vidole vingapi?"

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Mzee Mrisho hakumwambia mtu, hata Bi Sitara. Mwaka wa pili huu dunia ilikuwa imeingia ukungu. Wateja aliwajua kwa sauti. Sarafu alizijua kwa kidole gumba. Vichwa alivipasua kwa kupapasa mfupa kwanza, na aliwakazia watu macho wakati anapasua kwa sababu kutazama chini hakukumsaidia kitu. Watu wakaita ufundi. Angewaambia nini? Kwamba yule wanayemtazama kama gwaride anashika shoka gizani?

Pale mbele aliona kitu cheupe, basi.

"Vitatu," Seifu alinong'ona kutoka benchini, kwa upendo wote. "Sema vitatu, mzee."

Neno lilikuwa pale pale mdomoni. Angesema vitatu, watu wangeshangilia, na jina lake lingebaki safi juu ya mabati yaliyovunjwa.

"Sivioni," alisema.

"Vidole?"

"Vidole, mkono, wala wewe mwenyewe. Nakuona kama kanzu iliyoanikwa."

Mtu aliyekuwa karibu na shoka alisogea kidogo.

"Tangu lini?" aliuliza Bwana Wilbert.

"Mwaka wa pili huu."

"Lakini mzee," alisema Seifu, "mimi nimekula ya nyuma siku tatu."

"Na mimi nimeila miaka ishirini na mitano! Sasa umesikia? Umeridhika? Mkanitungia uzi na sindano!"

"Na ya mbele pia ameila, Bwana Afya," alisema Bi Zamda. "Ile ya adabu. Andika na hilo. Uliza soko zima kama imemsaidia."

Bwana Wilbert, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliuliza. Alingoja kwa heshima mtu yeyote ajitokeze kuishuhudia adabu ya Mzee Mrisho. Hakujitokeza mtu, na Mzee Mrisho, kwa mara ya kwanza maishani, hakumtukana aliyenyamaza. Penseli iliandika neno moja, na Bwana Wilbert akalisoma kwa sauti: "Supu." Akamrudishia leseni. Akamwamuru aweke kamba kuzunguka gogo, watu wasisogee shoka likiwa juu. Kwa Elisaria alisema tu kwamba barua yake itabaki mfukoni mpaka siku atakaposikia tena ubongo ukihubiriwa. Kisha akaenda zake kuwasumbua wauza maziwa.

Banda lilibaki na watu waliojiona wametapeliwa. Seifu ndiye aliyesimama tena.

"Mzee, umetulisha siku tatu kitu kisicho na kazi!"

"Ulikula ukashiba?"

"Nilishiba, lakini..."

"Basi hiyo ndiyo kazi yake. Toka kwenye benchi, wenzako wanangoja."

Seifu alitoka. Mchukuzi mmoja aliketi mahali pake, akaagiza supu kwa sauti ndogo, bila kutaja sehemu.

Elisaria alikuwa bado amesimama kando ya gogo. Mzee Mrisho alimjua kwa harufu ya wanga wa kaptula.

"Unangoja nini? Nikupongeze?"

"Mzee, hayo macho yako si mshipa, wala si ubongo. Nimeyaona nilipoinama. Yana weupe mbele, ni mtoto wa jicho. Nyuma kote uko mzima."

Mzee Mrisho alilitafakari jambo hilo, na alivyolitafakari ndivyo damu ilivyompanda. "Kwa hiyo ulijua kwamba kipimo chako hakikuthibitisha kitu."

"Nilijua."

"Ukanyamaza mbele ya Bwana Afya."

"Ningesema, wewe ungekosa banda na mimi ningekosa chuo." Elisaria alipangusa soksi ambazo leo hazikuwa na damu. "Hospitalini weupe huo wanautoa. Jumatatu yupo daktari wa macho."

Mzee Mrisho alimchukia sasa kuliko Jumatatu, kuliko Alhamisi, kuliko siku zote, kwa sababu sasa palikuwa na jambo la kumshukuru, na hilo hakulizoea. Alikoroga sufuria muda mrefu. Alipakua bakuli la mchukuzi, akaongeza chumvi ambayo haikuhitajika.

"Jumatatu, saa mbili, uje unipeleke," alisema mwishowe. "Na usinishike mkono njiani. Watu wasije wakadhani tumepatana."